Mtoto wa mbwa kagoma kamba: anzia kwenye nyayo, ishia kwenye mkono wako

Jioni moja ya Agosti, mtaani kwetu Nzuguni, Dodoma, nilimkuta jirani kasimama katikati ya njia, kamba mkononi, na upande wa pili wa kamba mtoto wa mbwa wa miezi minne kajilaza kama kiroba cha mahindi. Jirani anavuta, mbwa anaburuzika, vumbi linatimka, watoto wanashangilia. "Ana kiburi huyu," akaniambia. "Juzi katembea mpaka barabarani na kurudi."

Hilo la juzi ndilo lililonifanya nichuchumae. Mbwa aliyetembea juzi na leo hatembei hakuota kiburi usiku. Nikainua mguu wake wa mbele, wa kulia, nikatanua vidole: mwiba wa mbigili, mzima, umezama kwenye nyama laini ya katikati. Tukauchomoa, akajikung'uta, akatangulia njia.

Tangu hapo, majirani wakinijia na kesi ya mbwa na kamba, nafuata mpangilio uleule. Natazama mwili wa mbwa kwanza, kisha ardhi anayoikanyaga, kisha kifaa alichovikwa, kisha vitu vinavyomzunguka, na mwisho kabisa namtazama aliyeshika kamba. Kiburi na ujeuri sivitafuti mpaka hayo matano yaishe, na ni mara chache sana nimefika huko. Nimeyapanga yafuatayo kwa malalamiko kama ninavyoyasikia.

"Alikuwa anatembea, leo kagoma"

Badiliko la ghafla lihesabu kuwa la mwili mpaka uhakikishe vingine. Hapa Dodoma anza na nyayo. Mbigili huota pembeni mwa njia wakati wa mvua, na ukishakauka, mbegu zake zenye pembe kali hubaki mchangani kiangazi kizima. Mwenye baiskeli hahitaji kusimuliwa. Miiba ya migunga nayo ni mirefu, inapenya hata ndala. Mbwa mwenye mwiba si lazima achechemee. Mara nyingi anakaa tu, analamba mguu mmoja, au anatembea vizuri kwenye saruji na kugoma akifika mchangani. Pitisha kidole katikati ya kila vidole vyake viwili, na usisahau ile nyama ngumu ya unyayo yenyewe, maana mwiba ukikatikia ndani huonekana kama kidoa cheusi tu.

Nyayo zikiwa safi, tafuta kupe: ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia. Kupe huwaambukiza mbwa magonjwa ya damu, na dalili za mwanzo ni zilezile zinazoitwa uvivu. Mnyama amepoa, hali chakula vizuri, hataki kwenda popote. Funua mdomo utazame fizi. Za mbwa mwenye afya zina rangi ya waridi (kama si za kiasili nyeusi). Zikiwa zimepauka, au ana homa, au anatapika, weka kamba pembeni umpeleke kwa daktari wa mifugo. Anayeharisha damu asingoje kesho, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo, humaliza mtoto wa mbwa ndani ya siku chache.

Halafu kuna joto, ambalo watu wa hapa tumelizoea mpaka tunasahau kwamba tuna viatu. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, lami ya saa 8 mchana inaunguza unyayo wa mbwa kabisa. Weka mgongo wa kiganja chako chini, hesabu taratibu mpaka saba. Ukishindwa kufika, naye hataweza. Muda wa kutembea ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni, na jioni pima tena, maana mchanga hupoa mapema lakini lami hubaki na moto wake. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Akianza kuhema kwa fujo, ulimi wote nje, mate mazito, anayumba, mwahishe kivulini. Mmwagie maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, tumboni na miguuni, mpepee, kisha umpeleke kwa daktari hata kama ameonekana kurudiwa na nguvu.

"Huyu hajawahi kutembea. Nikimvisha tu, anakaa"

Hii ni kesi nyingine kabisa, na hapa mwili mara nyingi hauna kosa. Shida ni kifaa na haraka.

Wengi wetu tunafuga mbwa wa ulinzi, kwa hiyo cha kwanza kununuliwa ni mnyororo uleule atakaofungwa akiwa mkubwa. Mtoto wa mbwa wa kilo tatu ukimning'inizia chuma shingoni, kichwa kinainama, mabega yanashuka, na kila akipiga hatua kitu kinamgonga kifuani kikilia. Angekuwa mwanao ungeona mara moja. Unachotaka ni mkanda mwepesi wa kitambaa kigumu, kama ule wa begi la shule, upana wa kidole, na kamba ya aina hiyohiyo yenye urefu wa mita 1.5 hadi 2. Kama duka la dawa za mifugo hawana, fundi viatu atakushonea ukimpelekea mkanda wa begi bovu na kijipete cha chuma. Katani inachubua shingo. Kamba ya manila ni imara lakini siku atakayotimua itakukata kiganja. Na kitanzi, kamba inayojikaza yenyewe akivuta, usikitumie kwa mnyama wa umri huu hata kwa dakika moja.

Mkanda wa shingo uwe na nafasi ya vidole vyako viwili kuingia bapa. Pima kila wiki. Wanakua haraka, na nimeshaona mkanda uliosahauliwa ukazama kwenye ngozi ya mbwa wa miezi sita.

Sasa haraka. Watu wakisikia samaki mkunje angali mbichi, wanakunja kwelikweli: mkanda, kamba na barabara vyote siku moja. Siku ya kwanza mvishe mkanda peke yake, muda mfupi kabla ya chakula, umvue akimaliza. Atajikuna, atajiviringisha, mwache. Siku ya pili na ya tatu ashinde nao. Akishausahau, funga kamba nyepesi aiburute mwenyewe uani huku unamwangalia asinase kwenye tofali au mti. Baada ya hapo shika ncha ya kamba, na umfuate yeye anakotaka kwenda. Ndiyo, mfuate. Lengo la siku hiyo ni ajue kwamba kuwa na kamba si balaa.

Ndipo unaanza kumfundisha maana ya kamba. Mnyama akivutwa upande huu, mwili wake hujikaza kuelekea upande ule. Si ubishi, ni misuli inajizuia kuanguka. Aliyewahi kumsukuma mbuzi aingie bandani anajua ninachosema. Kwa hiyo usivute. Kaza kamba kwa nguvu ya vidole viwili tu, tulia, chuchumaa, mwite kwa sauti ya kuchangamka. Akisogea hata nusu hatua, legeza hapohapo na umpe kitu mdomoni, usawa wa goti lako. Kinachofundisha ni kule kulegea. Ukichelewa sekunde tatu kulegeza, amejifunza kwamba kusogea hakusaidii. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha. Ukiendelea mpaka achoke, kesho akiiona kamba atajificha chini ya gari.

Kitu cha mdomoni: maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi, yakakatwa kama punje za maharage, au dagaa wakavu wasio na chumvi. Ugali hawaukimbilii, labda awe na njaa. Na kwa kuwa sisi ndio mkoa wa zabibu, na msimu ukifika kila mtoto ana kichala mkononi, niseme wazi: zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, hata chache. Waambie watoto wa nyumbani mapema. Wao ndio wanaogawa kwa upendo.

"Uani anatembea, getini anageuka jiwe"

Kwa mbwa, kutembea uani na kutembea njiani ni masomo mawili. Uani ananusa harufu yake mwenyewe. Nje ya geti kuna mkojo wa mbwa asiowajua, sauti ya mashine ya kusaga, bajaji, upepo wetu huu wa kiangazi unaopiga turubai la kibanda cha chipsi mpaka linalia kama bunduki. Mtoto wa mbwa asiyeogopa siku ya kwanza ndiye ningemshangaa.

Usitembee. Toka naye, keti kwenye tofali nje ya geti, mpe maini, rudini ndani. Siku mbili tatu hivyo. Kisha tumia ujanja ambao sijauona ukishindwa mara nyingi: mbebe hatua ishirini kutoka nyumbani, mweke chini, mrudi. Mbwa anayegoma kuondoka nyumbani anapenda sana kurudi. Kesho hatua thelathini, keshokutwa hamsini. Baada ya wiki moja hivi utamwona anatangulia kutoka, kwa sababu ameshaijua njia kwa kurudi nayo.

Ila kuna jambo la chanjo, na linachanganya watu. Virusi vya parvo hudumu ardhini kwa miezi, na mitaa yetu ina mbwa wengi wasiochanjwa. Chanjo za watoto wa mbwa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike kama wiki 16, na ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi 3. Kabla hajamaliza, asikanyage njia wanazopita mbwa wengine. Wakati huohuo, umri ambao ubongo wake unakubali vitu vipya bila woga unaisha karibu na wiki ya 14. Ukimfungia ndani mpaka amalize chanjo zote, unamtoa akiwa mzima wa mwili na mwoga wa kila kitu. Suluhisho ni mikono yako. Mbebe. Keti naye barazani akiwa mapajani aone bodaboda, aone mama wa mboga na beseni kichwani, asikie adhana na kengele. Kamba afundishwe uani, dunia aione kutoka kwenye mapaja.

"Anavuta mpaka anakohoa"

Kukohoa kwanza. Mkanda wa shingo unabana koo la hewa, na koo la mtoto wa mbwa ni laini. Mhamishie kwenye mkanda wa kifua, unaozunguka mbavu na kupita mbele ya mabega. Kama pete ya kufungia kamba iko mgongoni, atakuwa salama lakini atavuta vizuri zaidi, kama punda aliyepata matandiko mapya. Pete ikiwa mbele ya kifua, akivuta anajigeuza mwenyewe akutazame. Anayekohoa hata akiwa hajafungwa kamba ana ugonjwa, huyo ni wa daktari.

Kuvuta kwenyewe kuna sababu moja kubwa, na wenye mbwa hawaipendi wakiisikia: kunalipa. Anataka kufika kwenye kile kichaka, anavuta, wewe unamfuata, anafika. Umemlipa. Kila hatua uliyopiga kamba ikiwa imekaza ilikuwa malipo, na baada ya mwezi una mfanyakazi hodari wa kuvuta.

Dawa yake inachosha. Kamba ikikaza, simama. Usiseme neno, usivute, kuwa nguzo. Atavuta, atalia, atakaa, hatimaye atageuka kuona umekwama wapi. Kamba ikilegea tu, nenda. Mbwa wangu, Chui, asubuhi ya kwanza alitumia dakika ishirini kutoka getini mpaka nguzo ya pili ya umeme, na mama mmoja aliyekuwa anafagia alitutazama kwa huruma ambayo sijui ilikuwa ya nani kati yetu wawili. Siku ya nne tulifika dukani. Wiki ya tatu niliweza kubeba mfuko wa mayai mkono wa pili.

Kama kusimama hakumgusi, geuka. Akikaza kwenda mbele, wewe unaondoka kinyume kwa furaha, akikufikia usawa wa goti anapata ini. Anaanza kukuangalia, kwa sababu umekuwa mtu asiyetabirika. Fanya mahali pa wazi, si pembeni mwa barabara.

Sababu nyingine ni ndogo lakini zinajumlishika. Mbwa aliyefungiwa bandani kutwa nzima akifunguliwa saa 12 jioni hawezi kutembea taratibu. Mwache akimbie uani dakika kumi kwanza. Mwendo wetu wa kutembea ni wa pole kuliko wake, kwa hiyo ongeza hatua kidogo. Pua nayo ina haki yake. Mimi huwa na neno, "haya," nikilisema kamba inakuwa ndefu na ananusa mpaka atosheke. Mbwa anayejua kwamba ruhusa itakuja havuti kuiiba.

Halafu kuna familia. Wewe unasimama kama nguzo asubuhi, jioni kijana wa nyumbani anatoka naye mbio mpaka kwenye uwanja wa mpira, kamba imekaza kama waya wa simu. Hapo hafundishwi na yeyote. Kaeni mkubaliane, au kamba ishikwe na mtu mmoja tu kwa mwezi wa kwanza.

Wapo wanaoniuliza kuhusu fimbo. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, lakini hata bila sheria, fimbo haifanyi kazi hii. Ukimpiga anapovuta kumfuata mtoto, anachojifunza ni kwamba watoto wakitokea, maumivu yanakuja. Miezi sita baadaye unashangaa kwa nini anawabwekea watoto.

"Anatafuna kamba"

Kati ya miezi 3 na 7 meno ya utoto yanang'oka na ya ukubwa yanatoka, na fizi zinawasha. Mpe kitu cha halali cha kutafuna kabla ya kutoka, kwa mfano kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa mafundo. Akishika kamba usiivute, kuvuta ni mchezo na utakuwa umekubali kucheza. Iachie ilegee kabisa, iwe haina raha, mwonyeshe dagaa, akiachia mpe. Mkaidi kweli, funga kijipande cha mnyororo mwembamba, cha shubiri moja, pale karibu na mkanda. Chuma hakina ladha.

Ila angalia ni dakika ya ngapi. Wengi hawaanzi kutafuna mwanzoni, wanaanza mwishoni wakishachoka, kama mtoto anayelia kwa usingizi. Huyo anataka kurudi nyumbani.

"Anachomoka"

Anarudi nyuma, anainamisha kichwa, mkanda unapita masikioni. Karibu kila mara ni mkanda uliolegea, au mwenye mbwa alikuwa anamvuta kwa mbele. Kaza mpaka ile nafasi ya vidole viwili, na akirudi nyuma msogelee badala ya kushindana naye. Kwa mbwa mwenye kichwa chembamba kuliko shingo, funga kamba kwenye mkanda wa shingo na wa kifua kwa pamoja. Akishachomoka usimkimbize. Kimbia wewe, upande wa nyumbani, ukimwita.

"Akiona bodaboda au mbuzi, simuwezi"

Kwanza jua ni woga au ni mawindo, kwa sababu kwa nje vinafanana. Mwoga anabweka huku uzito wa mwili uko miguu ya nyuma, mkia chini, na chombo kikishapita ananyamaza. Mwindaji anakaa kimya kwanza, anakaza macho, mwili unaelekea mbele, halafu anafyatuka. Bodaboda mara nyingi ni woga, kuku ni mawindo, mbuzi ni vyote viwili.

Tiba yao inaanzia mahali pamoja: umbali. Kuna umbali ambao anaona kitu na bado anaweza kula. Kwa Chui na pikipiki ulikuwa kama upana wa uwanja wa mpira. Nilikaa naye mbali na kijiwe cha bodaboda, kila pikipiki ikiwaka anapata ini, ikizima ini linaisha. Kila siku tulisogea kidogo. Akikataa chakula, mmesogea mno, rudini nyuma. Vijana wa kijiweni walituona wendawazimu kwa wiki nzima, kisha mmoja akaanza kuniambia, "Mzee, leo amesogea." Wakawa waalimu wenzangu, wanawasha na kuzima kwa makusudi.

Mifugo ina mtego wake. Ukitembea pembeni ya mji, Ihumwa, Nala, au njia za kwenda Bahi, jioni utakutana na kundi la ng'ombe na mbuzi likirudi nyumbani, na mchungaji ana haki ya njia kuliko wewe na mbwa wako. Ondoka njiani mapema, panda upande ambao upepo hauwapelekei harufu, mketishe mbwa nyuma ya miguu yako, mlishe dagaa mmoja mmoja mpaka kundi lipite. Msalimie mchungaji kwa Kigogo, "mbukwa" moja inafungua mengi. Mtoto wa mbwa akimkimbilia ndama, mama wa ndama hafahamu kwamba ni utani, na mbwa wa mchungaji nao wana maoni yao.

"Watoto wanakimbia wakipiga kelele, naye anawafukuza"

Hapa wa kufundishwa ni wawili. Mtoto aliyefukuzwa na mbwa mara moja hukimbia kila mbwa, na kinachokimbia ndicho kinachofukuzwa. Nilitenga jioni moja, nikawaita watoto wa mtaa wasimame kama miti, mikono chini, wasimkodolee macho. Chui akapita katikati yao akinusa, wakacheka. Tangu siku hiyo wakimwona wanasema "miti!" na kusimama. Akikwaruza au kung'ata mtu kwa mchezo na ngozi ikachubuka, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende kituo cha afya hata kama mbwa ana kadi ya chanjo.

Watu wazima nao waheshimiwe. Kwa jirani Mwislamu mate ya mbwa ni najisi, na anayekwenda kuswali hataki pua iliyoloa iguse kanzu yake. Fupisha kamba, mweke mbwa upande wa mbali, wewe uwe ukuta katikati. Ukifanya hivyo mara tatu bila kuombwa, ya nne utasalimiwa wewe kwanza.

"Akizoea kutembea na watu hatalinda"

Nimeisikia hii kutoka kwa watu wazima wenye busara zao, na siikubali. Kubweka kwa mgeni usiku ni jambo linalokuja na umri, mara nyingi mbwa akikaribia mwaka. Aliyeuona mtaa anajua kipi ni cha kawaida, kwa hiyo akibweka kuna kitu. Aliyefungiwa anabwekea hata jani, na baada ya wiki mbili hakuna mtu ndani ya nyumba anayeamka kutazama.

"Wiki mbili zimepita, hakuna kilichobadilika"

Mwombe mtu akurekodi kwa simu, dakika tatu tu, kwa nyuma na kwa pembeni. Usimtazame mbwa kwenye video hiyo. Tazama mkono wako.

Mimi nilirekodiwa na binti yangu kipindi ambacho Chui alikuwa ameanza tena kuvuta, nami nimeshahakikisha nyayo, kupe, mkanda na kila kitu. Kwenye video nikajiona: kila pikipiki ilipotokea kule mbali, kabla mbwa hajaiona, mkono wangu ulikuwa umeshazungusha kamba mara mbili kwenye kiganja na kuikaza. Yeye alikuwa anainua kichwa baada ya kamba kukaza, anatafuta kilichonitisha, anakiona, anavuta. Binti akairudisha video nyuma mara tatu akihesabu kwa sauti, "baba, mbwa, baba, mbwa, baba, mbwa." Kesho yake nilitoka na kamba nikiwa nimeichomeka kwenye mkanda wa suruali, mikono mfukoni.